Baiskeli ya Binti na Punda wa Pili

Mpendwa Bibi Kashindye, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Pasaka haijafika, kwa sababu Jumatatu ya Pasaka Mzee Shimba anavuka ziwa kwenda Sengerema na mimi nimeshampa mkono, na kitu nilichompa mkono juu yake si changu peke yangu, ndiyo maana silali vizuri na ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni mjane, kwetu ni Bukoba lakini nipo hapa Igoma mwaka wa kumi na nne sasa, mume wangu alikuwa fundi kiwandani mpaka walipopunguza watu, na alipopunguzwa alichukua kile kidogo walichompa akanunua punda na mkokoteni wa kubebea maji, ndugu zetu wakacheka sana kwamba tangu lini Mhaya akafuga punda, yeye akawajibu huu ni wakati wa ruksa, kila mtu ruksa kufanya lake, na punda akampa jina hilohilo, Ruksa. Mwaka juzi mume wangu akafariki. Nikabaki na Ruksa, na mkokoteni, na baiskeli yake ya Phoenix, na watoto watatu, mkubwa ni Kokulinda ambaye yuko kidato cha tatu shule ya mjini, na ndiye anayeipanda hiyo baiskeli kwenda na kurudi, watu walisema sana mwanzoni kwamba msichana na baiskeli wapi na wapi, wakachoka wenyewe.

Bibi, punda mmoja ametulisha, siwezi kusema uongo, tunakula ugali na mapanki, mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda, lakini tunakula. Kila asubuhi napeleka mapipa mawili kwa wajenzi wanaofyatua matofali kule juu, mchana nawapelekea akina mama wa uji na wapika chapati. Sasa mwezi wa kumi na moja ile mikanda yake ya kifuani aliyonunuliwa nayo ikakatika yote, ilikuwa imeoza, na jirani yangu Mayala ambaye ana ng'ombe wa kulimia akanihurumia, Mungu ambariki, akachukua nira ya ng'ombe akaikata katikati akamvalisha Ruksa shingoni na kamba yake chini ya koo, bure, hakutaka hata soda, na tukaendelea na kazi. Lakini tangu Krismasi punda amebadilika, amekuwa mvivu na mkaidi, tambarare anakwenda ila akifika katikati ya mlima anakoroma, anatoa macho, anapiga magoti na mapipa yakiwa nyuma yake, na juu ya mabega ametoka vidonda viwili ambavyo nampaka oili chafu kama watu wanavyonielekeza, na mimi, Bibi, nimemchapa, nimemchapa mbele za watu na kipande cha mpira mpaka mama mmoja akaniambia mwache mwenzio, na yule msimamizi wa wajenzi akaniambia, "Mama, punda mmoja ni wa mama wa uji. Lete wawili, ama kazi nampa mwenye pikapu."

Ndipo nikamfikiria punda wa Mzee Shimba. Huyu mzee ni jirani yetu wa bondeni, ana punda jike mmoja, ambaye marehemu mke wake alikuwa akimwita Mke Mwenza kwa jinsi mzee alivyokuwa anamtunza, na yule jike na Ruksa wakikutana kisimani wanawekeana shingo kama watu waliopotezana miaka. Mwanawe mzee ni karani huko Sengerema, amemwita akakae naye. Nikaenda kumsalimia, nikamuuliza punda je.

Akasema, "Mwanangu amepanga chumba na ukumbi. Punda nitamfunga kwenye kitanda?"

Nikasema, "Basi niuzie mimi, mzee."

Akasema, "Kumuuza sitaki. Wanunuzi wa siku hizi nawajua, wanamfanyisha kazi mpaka anafia barabarani. Nataka akae kwa mtu."

"Kwa kiasi gani?"

"Nimekuambia kumuuza sitaki, mama."

Mimi nikaona anazunguka, wazee ndivyo wanavyoanza bei, na mimi sikulelewa kuchukua kitu cha mtu bure, kwetu tunasema cha bure kinadai, nikamwambia, "Basi chukua baiskeli."

Akaangalia miguu yake muda mrefu, akauliza, "Baiskeli ya nani?"

"Ya marehemu."

Akasema, "Haya, mama, kama roho yako itatulia hivyo." Tukapeana mikono.

Bibi, roho haikutulia. Kokulinda hajui. Kila jioni anaipangusa ile baiskeli na kitambaa alichokata kwenye koti la baba yake. Nimejiambia atatembea, wengine si wanatembea, na mwezi wa pili tairi lilipotoboka akakaa siku tatu bila baiskeli alisema mwenyewe, "Mama, hata kwa miguu nitafika." Siku ya kwanza alirudi giza limeingia, siku ya pili pia, siku ya tatu alirudi mapema, amepewa lifti na dereva wa lori la mizigo la barabara ya Musoma, na mkononi ana mkate mzima, kasema dereva amempa. Nilitaka kumuuliza. Wadogo zake walikuwa wameshaukata. Nikanyamaza, Bibi, nikala na mimi.

Sasa nifanye nini? Nikimchukua punda wa pili nitapata kazi ya wajenzi, ila nitakuwa na matumbo mawili ya punda na majani yenyewe siku hizi kila mahali pamejengwa. Nikimwacha, kazi inakwenda kwa mwenye pikapu. Nikimrudia mzee kusema sitoi baiskeli, nitakuwa mwanamke asiye na neno, na hapa mimi ni mgeni, neno langu ndiyo heshima yangu. Nielekeze. Na tafadhali jina langu usilitaje, nisije nikachekwa.

Mjane wa Igoma

*

Marahaba, mwanangu. Jina sikulitaja. Ila umemtaja punda, umemtaja jirani, umemtaja mzee, umemtaja na mtoto. Hebu niambie, hapo Igoma wanawake wa Kihaya wenye punda anayeitwa Ruksa mko wangapi? Umejificha nyuma ya mti wa mhogo. Haidhuru. Wakicheka na wacheke, mchana watakuja kununua maji.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Ulivyoniuliza, umeuliza habari ya punda wa pili. Mimi nitaanza na punda wa kwanza, kwa sababu huyo umempita kama mtu anayepita mgonjwa mlangoni akienda kununua sanda.

Ruksa si mvivu. Ruksa ananyongwa.

Ng'ombe ana nundu. Nira inakaa mbele ya nundu, anaisukuma kwa nguvu zake zote na haimuumizi, Mungu alimtengenezea mahali pa kuiweka. Punda nundu yake iko wapi? Mpapase. Ni mfupa na ngozi. Ukimwekea mti wa ng'ombe pale juu, kila hatua unakwangua mfupa, hivyo ndivyo vidonda vyako viwili. Na ile kamba ya chini ya koo, akiwa tambarare inalegea, akipanda mlima mzigo unamvuta nyuma na kamba inambana pumzi. Anakoroma kwa sababu hewa haipiti. Anatoa macho kwa sababu anakufa. Anapiga magoti kwa sababu akipiga magoti kamba inalegea, anavuta pumzi mbili tatu. Na wewe ndipo unapomchapa.

Usilie sasa, kulia hakumsaidii. Na Mayala usimchukie. Kosa hilo ni letu sisi Wasukuma, wewe umeazimwa tu. Sisi tukiona mnyama wa miguu minne tunafikiri ni ng'ombe aliyepungukiwa. Mimi mwenyewe nilipoolewa, baba watoto alifunga punda wawili nira moja kupeleka pamba kwenye ginneri, na mmoja alikuwa analala njiani, nikawa nambeba kwa matusi kutoka nyumbani mpaka ginneri, mvivu wewe, mchawi wewe. Akafa msimu wa pili. Mzee mmoja aliyepita akamgeuza shingo, akatuonyesha koo lilivyokuwa. Hakusema neno, akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Kwa hiyo nira hiyo mrudishie Mayala leo, na chane ya ndizi juu yake, kwa sababu alikusaidia kwa moyo mweupe. Mwambie Bibi Kashindye anamsalimu, na anasema akate nira za ng'ombe kwa ng'ombe. Halafu nenda kwa fundi viatu. Akushonee mkanda wa kifuani: gunia lililokunjwa mara nne, ndani blanketi kuukuu, upana wa kiganja chako na vidole vyake. Upite kifuani, chini ya koo na juu ya mahali miguu inapoanzia, kamba mbili zirudi nyuma kwenye mkokoteni. Punda anavuta kwa kifua, kama mtu anavyosukuma mlango mzito. Mume wako alikuwa nao huo mkanda, ulipooza ungetafuta kama ule. Vidonda vioshe na maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni. Oili chafu ni ya gari, mwachie mwenye pikapu. Vikitoa usaha, mwite bwana mifugo. Na asivute kitu mpaka ngozi ifunge. Wiki tatu, pengine nne.

Nasikia unasema, Bibi, wiki nne tutakula nini? Hapo sasa ndipo tunafika kwa Mzee Shimba.

Mwanangu, mzee hakuwa anazunguka. Mzee alikuwa amekuambia mara mbili kwa Kiswahili kilichonyooka na wewe ukamzibia mdomo kwa baiskeli. Kwetu mtu akiwa na mnyama na hana pa kukaa naye, anamweka kwa mwenzake. Uliyewekewa unamtumia: ng'ombe unakamua, maksai unalimia, punda unabebea maji. Mnyama anabaki wa mwenyewe. Akiugua unapeleka habari, akizaa mnakaa chini mnaongea. Huuzi, huchinji, humwazimi mtu wa tatu. Mwenye mnyama ndiye anayekushukuru, kwa sababu umembebea mzigo. Baba yangu aliweka ng'ombe kwa watu wa ng'ambo ambao hakuwaona miaka sita, na hakuna aliyempa hata kuku.

Mzee kakuchagua wewe. Mjane, mgeni, Mhaya asiyejua kufunga punda, lakini kakuona na kasema huyu hataniulia mnyama. Hiyo ni heshima ambayo kuna Wasukuma hapo bondeni hawajaipata. Wewe ukamlipa. Ni kama mtu amekuambia nilelee mtoto wangu, ukamuuliza kilo ngapi. Ndiyo maana aliangalia miguu yake. Na alipouliza baiskeli ya nani, alikuwa anakufungulia mlango utoke. Hukutoka.

Kwenu mnasema cha bure kinadai. Ni kweli, kinadai. Kinadai utunze. Hicho ndicho anachotaka ulipe.

Kwa hiyo neno lako halivunjiki ukirudi kwake, linanyooka. Nenda kabla ya Ijumaa Kuu, asubuhi, usiende mikono mitupu, chukua uji au senene wa kukaanga kama mmeletewa kutoka kwenu. Umsalimie, ukae chini, useme: "Mzee, siku ile nilikosea, nilitaka kununua kitu ambacho huuzi. Niwekee punda wako." Basi. Usiongeze maelezo. Akikubali, muulize mbele ya shahidi mmoja, hata Mayala anafaa: akizaa itakuwaje, akifa habari nizipeleke kwa nani, na nikishindwa kumlisha nimrudishe kwa nani. Hilo la mwisho usilisahau, kwa sababu kiangazi kinakuja na majani ya Igoma yameota mabati. Pumba za mashine anza kuziomba sasa, wakati wengine bado wanazimwaga. Na kama mzee atasema hapana, mimi nimeshaipenda baiskeli, basi baiskeli usimpe, mpe pole na safari njema, avuke na shida yake, wewe baki na punda wako mmoja na wiki nne za kubeba ndoo kichwani. Hazijawahi kumuua mtu. Mimi nina miaka hamsini ya ndoo na shingo bado inageuka.

Lakini sikia masharti yangu na mimi. Huyo jike, Mke Mwenza, atafanya kazi wakati Ruksa anauguza vidonda, safari nusu, mapipa mawili na si zaidi, na akina mama wa uji kwanza. Ruksa akishapona watapokezana, leo huyu kesho yule. Usiwafunge wote wawili kukimbilia wajenzi. Umeniandikia kana kwamba punda wa pili ni kipato cha pili. Punda wa pili ni tumbo la pili, kipato kinategemea wewe una miguu mingapi ya kuwafuata. Msimamizi anayekuambia lete wawili leo, kesho nyumba ikiisha atakuaga? Atapanda pikapu hiyohiyo aende zake. Mama wa uji atapika kesho, na kesho kutwa, na mvua ikinyesha. Huyo ndiye wa kumshika. Hao wajenzi wakimpa kazi mwenye pikapu, mwambie hongera, na usisimame barabarani kuangalia.

Na kupenda hao punda wawili wakae pamoja, hapo uko sawa. Punda wa peke yake anazeeka mapema, kama sisi. Ndiyo sababu nakuambia mchukue. La sivyo ningekuambia mshonee Ruksa mkanda mmoja, ukae kimya.

Sasa, mama. Nimekuwa nakuzungusha kwenye punda kama anayezunguka jiwe la moto. Msomaji wangu alipofika kwenye ule mkate nilimwambia asimame kidogo.

Wewe unajua. Ungekuwa hujui usingeiandika habari hiyo. Dereva wa lori hana ndugu hapo njiani. Leo lifti na mkate, wiki ijayo lifti na soda, mwezi ujao anataka nauli yake, na nauli hiyo mtoto wa kidato cha tatu analipa kwa shule yake na mwili wake. Nimewaona wangapi. Wanarudishwa nyumbani na daftari zao kwenye mfuko wa nailoni, mwenye lori yuko Sirari mpakani anapakia mizigo. Wewe ulifikiri unatoa baiskeli ya marehemu. Marehemu haendi shule. Ulikuwa unatoa kile kinachomfanya binti yako apite kwenye malori yote yaliyosimama, apige kengele, asimsalimie mtu.

Sikuiti mama mbaya. Mama mbaya hali mkate huku unamkwama. Njaa inajua kutufunga mdomo, mimi imenifunga mara nyingi kuliko wewe. Lakini mdomo ukifungwa mara moja mtoto anajifunza kwamba hapa nyumbani jambo hilo haliulizwi, na la pili hatakuletea. Mtoto anayekuambia hata kwa miguu nitafika anakuonea huruma. Usimwache akuonee huruma hivyo. Bado mdogo.

Ukitoka kwa Mzee Shimba, rudi nyumbani moja kwa moja. Wadogo zake watume dukani. Mweke Kokulinda chini, umwambie mwenyewe, kabla hajasikia kisimani: "Nilimwahidi Mzee Shimba baiskeli yako bila kukuuliza, nimekwenda kuitengua ahadi, haitatoka humu mpaka umalize shule." Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, usimwambie nyamaza mimi ni mama yako. Akishamaliza kukasirika, muulize yule dereva alimwambia nini njiani, kutoka mjini mpaka hapo aliposhuka. Halafu msikilize mpaka mwisho, hata kama ugali utaungua.